Shajara ya mradi: chumba cha kumbukumbu za mji, Pangani

Januari, wiki ya pili

Chumba cha kuhifadhi na kuonyesha vitu vya historia ya mji kimepatikana. Ni cha chini katika nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, upande wa mji unaotazama mto, si mbali na kivuko cha kwenda Bweni. Urefu ni mita 7.4 na upana mita 2.7. Aliyezoea nyumba za mwambao hatashangaa upana huo: dari imelala juu ya boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio ulioamua ukuta wa pili ukae wapi. Kwa kazi yetu maana yake ni kwamba hakuna meza ya katikati. Makabati ya kina cha sentimita 60 yakipangwa pande zote mbili, njia inabaki mita moja na nusu, na wanafunzi 20 wakiingia pamoja hakuna atakayegeuka. Makabati yatakaa upande wa ukuta wa ndani tu.

Ukuta wa nje ni mgonjwa. Ulipigwa plasta ya saruji juu ya chokaa ya zamani, na saruji haipumui. Unyevu unaopanda kutoka ardhini hauna pa kutokea, kwa hiyo unapanda zaidi, na ukifika juu unaacha chumvi nyuma ya plasta. Chumvi ikikauka inavimba na kusukuma: ndiyo yale magamba yanayodondoka sakafuni kila asubuhi. Kupaka rangi ya mafuta juu yake, kama tulivyoshauriwa na wengi, ni kuufungia ugonjwa ndani.

Kazi iliyoanza: kubandua saruji kuanzia sakafuni hadi mita 1.2, kwa tindo nyembamba na nyundo ndogo, kwa sababu nyundo kubwa inang'oa na mawe ya matumbawe yenyewe. Chumvi inafagiwa ikiwa kavu, inakusanywa na kutupwa mbali. Haioshwi kwa maji, kwani maji huiyeyusha na kuirudisha ukutani.

Januari, wiki ya nne

Plasta mpya: chokaa iliyolowekwa ndebe moja, mchanga ndebe tatu. Mchanga ni wa mto, kutoka juu ambako maji ya bahari hayafiki. Mchanga wa pwani hata ukioshwa hubaki na chumvi. Ukuta unalowanishwa jioni na tena asubuhi kabla ya kupiga. Tabaka mbili, kila moja unene wa sentimita moja, na kati yake siku tano. Magunia yenye maji yananing'inizwa mbele ya ukuta kwa wiki nzima, maana chokaa ikikaushwa haraka na upepo wa kaskazi inapasuka nyufa kama tope la bwawa lililokauka. Sehemu ya mita mbili karibu na mlango ilipasuka hivyo hivyo, kwa kuwa magunia yaliachwa makavu siku ya Ijumaa na Jumamosi. Imebanduliwa na kurudiwa.

Wakati ukuta unakauka, limefunguliwa daftari la mapokezi, na hakuna kitu kitakachoingia chumbani kabla ya kuingia humo. Huu ndio msimamo wa mradi mzima, na umeleta mabishano kidogo, kwa sababu watu wanataka kuona makabati yamejaa. Lakini jembe lisilojulikana limetoka kwa nani, lililima wapi na lini, ni chuma chakavu tu. Likiwa na mistari mitano ya maelezo ya kweli linakuwa historia ya Pangani. Ndiyo maana daftari linatangulia kabati.

Daftari ni la jalada gumu, kurasa zilizoshonwa, namba za kurasa zimeandikwa zote mwanzoni ili ukurasa ukichanwa ijulikane. Wino ni mweusi usiofutika kwa maji. Kosa linakatwa kwa mstari mmoja, linabaki kusomeka, na aliyekata anaweka saini. Kila kitu kinapewa namba yenye sehemu tatu: mwaka wa kupokelewa, namba ya mapokezi, namba ya kitu ndani ya mapokezi hayo. Bibi akileta sanduku lenye vitu kumi na mbili, hayo ni mapokezi mamoja na vitu kumi na mbili. Katika shajara hii tunaandika sehemu mbili za mwisho tu, kwa mfano 7.3.

Safu za daftari ni hizi: namba, tarehe, kitu ni nini kwa jina analolitumia mtoaji, kimetengenezwa kwa nini, vipimo kwa milimita, hali yake siku ilipofika, nani ameleta, amekipataje, kimekuja kwa njia gani, kimewekwa wapi. Safu ya tatu imetetewa sana. Mtoaji akisema “chano”, haandikiwi “sinia la mbao”. Tafsiri inaweza kuongezwa baadaye. Neno lenyewe likipotea halirudi.

Njia za kuingia ni mbili tu, hiba, yaani zawadi isiyorudishwa, na amana. Hiba ina fomu ya ukurasa mmoja, nakala mbili, mtoaji anabaki na moja. Amana ina tarehe ya mwisho, miezi 12, nayo inaweza kuongezwa. Bila tarehe, baada ya miaka kumi hakuna anayejua kitu ni cha nani, na mwenye amana akifariki warithi wanakuja na barua. Hakuna “niwekee tu kidogo”.

Februari, wiki ya kwanza

Sheria imesomwa kwa pamoja kabla ya kutangaza kwamba tunapokea. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya 1863, na milango na fremu za kuchonga za kabla ya 1940, pamoja na vitu vya kiutamaduni. Kuchimba kunahitaji kibali, na kutoa vitu hivyo nje ya nchi kunahitaji leseni. Kwa hiyo: hatupokei kitu kilichochimbuliwa. Anayekuta vigae au shanga shambani anaombwa aviache palepale, na taarifa inapelekwa kwa ofisi inayohusika na mambo ya kale. Kigae kikishatolewa kwenye udongo wake nusu ya habari imekwenda. Mifupa ya binadamu haipokelewi kwa hali yoyote. Vitu vya uganga na vya mizimu vinapokelewa tu mwenyewe akiwa hai, akikubali kwa hiari, na yeye ndiye anayeamua kama vionekane au vikae sandukuni.

Februari, wiki ya tatu

Mapokezi sita ya kwanza, vitu 41. Mbuzi za kukunia nazi nne, vyano, kinu, pishi ya kupimia, taa za chemni mbili, nyavu, jembe la mkonge, visu vitatu vya kukatia majani ya mkonge, sarafu 17 katika kopo la maziwa.

Sarafu ndizo zilizotuumiza. Kumi na moja zimesuguliwa kwa ndimu na jivu siku moja kabla ya kuletwa, kwa heshima kabisa, ili zije ziking'aa. Ndimu ni asidi, jivu ni msasa. Katika pesa za shaba za 1890 za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, maandishi ya Kiarabu upande mmoja yamebaki kivuli. Ile rangi ya kahawia iliyokuwa juu yake haikuwa uchafu. Ni ngozi ya shaba yenyewe, nayo ndiyo iliyokuwa ikiilinda. Tangazo la kupokea vitu limeandikwa upya, na sentensi ya kwanza sasa ni: “Tafadhali lete kitu kama kilivyo, usikioshe.”

Kusafisha kunakofanyika hapa ni brashi laini ya kupakia rangi na kitambaa kikavu, basi. Vyuma vikubwa vya mkonge vinatibiwa tofauti. Vimeliwa na hewa ya chumvi, kwa hiyo vinaoshwa kwa maji ya mvua (ya visima vya karibu na mdomo wa mto yana chumvi), vinafutwa na kukaushwa juani saa hiyo hiyo, kutu inayomenyeka inatolewa kwa brashi ya waya wa shaba, na chuma kikiwa bado na joto la jua kinapakwa nta nyembamba. Oili ya gari haitumiki. Inashika vumbi, vumbi linashika unyevu, na baada ya mwaka chini yake kuna kutu mpya.

Kuandika namba juu ya kitu: gramu 20 za Paraloid B-72 (plastiki angavu inayoyeyuka) katika mililita 100 za asetoni, barazani penye hewa na mbali na moto. Paka mstari wa sentimita mbili mahali pasipoonekana, subiri dakika kumi, andika kwa kalamu ya wino wa rangi, subiri tena, kisha pitisha tabaka la juu kwa mpito mmoja tu wa brashi. Ukirudia brashi wino unachafuka. Namba hiyo inatoka kwa asetoni siku yoyote ikihitajika, na kitu hakijaguswa. Rangi ya kucha isiyo na rangi, ambayo wengi huitumia badala yake, huwa ya njano na kubanduka, na namba huondoka nayo. Kwenye nguo namba inashonwa juu ya utepe wa pamba. Kwenye karatasi ni penseli laini ya 2B, nyuma, pembeni, karatasi ikiwa juu ya kitu kigumu ili isiache alama upande wa mbele. Kwenye plastiki hakuna asetoni. Kinafungwa lebo kwa uzi.

Machi, wiki ya kwanza

Kinu na vyano viwili vinatoa unga laini kama poda kwenye vitundu vya milimita moja na nusu. Wadudu wako hai, kwa sababu unga uliofagiwa jioni ulirudi asubuhi. Dawa ya kupuliza haifiki ndani ya mti, na inaacha madoa. Vyano vimefungwa katika mifuko miwili ya polithini, hewa ikakamuliwa, mdomo ukafungwa kwa gundi ya utepe, vikaingia kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa siku 14. Vikitoka havifunguliwi kwa saa 24, ili umande ushike nje ya mfuko na si juu ya mti. Kinu hakiingii kwenye friza yoyote ya hapa mjini. Kimefungwa ndani ya nailoni nyeusi na kutengwa chumba cha nyuma hadi njia ipatikane.

Rafu zote zimeinuliwa sentimita 15 kutoka sakafuni na kusogezwa sentimita 10 kutoka ukutani. Mchwa hujenga njia yake ya udongo, na njia hiyo inaonekana tu pale penye nafasi ya kutazama. Kila Jumatatu mtu mmoja anapita na tochi.

Machi, wiki ya tatu

Mapokezi ya 7, kitu cha 3. Kinastahili nafasi yake hapa.

Ni kadi ya karatasi nene, milimita 142 kwa 91, iliyokunjwa katikati mara nyingi hadi mkunjo umekuwa kama kitambaa. Pembe ya juu kushoto ina tundu la kupitisha uzi. Ndani kuna viboksi 30, safu tatu za kumi. Ishirini na sita vina alama, vinne vitupu. Alama ni za penseli ya zambarau, kila moja mkato mmoja wa mkono uleule, isipokuwa tatu za mwisho zenye mkono mwingine. Juu pana namba ya elfu nne mia tatu na ushee, na jina limefutika kwa jasho. Nyuma kuna moshi wa jikoni.

Hiki ni kipande. Kibarua wa mkonge hakulipwa kwa mwezi wa kalenda. Alilipwa akishajaza siku 30 za kazi, na siku ambayo hakumaliza kazi aliyopimiwa haikutiwa alama. Neno “manamba” linatokana na namba hizi: watu walioletwa kwa mikataba kutoka mbali, wakaitwa kwa namba kabla ya kuitwa kwa majina. Kuanzia 1944 uajiri huo ulisimamiwa kwa wingi na ofisi ya wenye mashamba iliyojulikana kama SILABU. Mwenye kipande hiki alikuwa amebakiza siku nne.

Mtoaji anasema ni cha wakati wa Mjerumani. Karatasi yenyewe inasema vingine: sehemu ya malipo imechapwa kwa shilingi na senti, na shilingi ya Afrika Mashariki ilikuja mapema miaka ya 1920, utawala wa Kijerumani ukiwa umekwisha. Wajerumani walilipa kwa rupia. Hadi 1904 ilikuwa ya pesa 64, baadaye ya heller 100. Kwa hiyo kipande hakiwezi kuwa cha kabla ya miaka ya 1920. Daftari limeandikwa yote mawili, kwa mistari tofauti: “Mtoaji anasema” na “Kitu kinaonyesha”. Wala mtoaji hajakosea katika lililo kubwa. Kwa wazee wengi “wakati wa Mjerumani” si miaka, ni jina la ukali. Ukifuta neno lake ili uweke tarehe yako umefuta ushahidi wa namna mji unavyokumbuka.

Njia hiyo ya kusoma karatasi imewekwa kwenye ukurasa wa mbele wa daftari. Karatasi iliyochapwa “Deutsch-Ostafrika” (Afrika Mashariki ya Kijerumani) ni ya kabla ya kumalizika kwa Vita ya Kwanza ya Dunia. “Tanganyika Territory” ni 1920 hadi uhuru, Desemba 1961. “Tanzania” ni kuanzia Oktoba 1964, kwani miezi ya mwanzo baada ya Muungano wa Aprili mwaka huo jina lilikuwa refu. Noti za Benki Kuu ya Tanzania zilianza 1966.

Tahadhari kwa yeyote mwenye karatasi kama hii: penseli ya zambarau si penseli ya kawaida. Ina rangi inayoyeyuka. Tone moja la maji au kidole chenye jasho, na viboksi vyote vinakuwa wingu moja la buluu. Kadi imelala bapa katika mfuko wa polyester, juu ya ubao usio na asidi, na haishikwi hadi mikono ioshwe na kukauka kabisa.

Aprili na Mei: masika

Kipima unyevu kinasomwa saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri. Machi kilikuwa kati ya asilimia 70 na 80. Wiki ya pili ya Aprili kilifika 89 na kukaa hapo siku sita. Ukungu huanza kuota ukivuka 65 hadi 70 kwa muda mrefu, kwa hiyo suala halikuwa kama utaota, ila uanzie wapi. Ulianzia kwenye albamu mbili za picha, mapokezi ya 9.

Tulipewa kiyoyozi cha zamani, kwa moyo mwema. Kimejaribiwa siku nne na kuzimwa. Mchana kilishusha unyevu hadi 58. Usiku umeme ukikatika, au kikizimwa kwa ajili ya gharama, ulirudi 85 kabla ya alfajiri. Kupanda na kushuka huko ni kubaya kuliko unyevu wa kudumu: mti unavimba na kusinyaa kila siku, picha zinajikunja, umande unatua juu ya chuma. Badala yake kuna feni mbili ndogo zinazoelekezwa ukutani, si kwenye vitu, zikizunguka muda wote umeme ukiwapo. Ukungu unapenda hewa iliyosimama. Madirisha yanafunguliwa saa tano hadi saa tisa siku isiyo na mvua na kufungwa kabla ya jua kushuka. Alasiri unyevu sasa uko 74 hadi 78. Si mzuri, lakini hauruki.

Sarafu na visu vidogo viko ndani ya makopo ya plastiki yenye mfuniko wa mpira, kila kopo la lita tano na gramu 100 za silika jeli ya rangi ya chungwa. Ikigeuka kijani inarudishwa kwenye oveni nyuzi 120 kwa saa tatu. Ile ya buluu hatuitumii, kwa sababu rangi yake ni ya kobalti, nayo ni sumu.

Albamu zenye ukungu zilitolewa ndani ya mfuko uliofungwa, zikakaushwa kivulini mbele ya feni siku tatu, kisha zikapigwa brashi barazani, upepo ukienda nje, mtu akiwa amevaa barakoa ya N95. Ukungu mbichi ukiupangusa unapakaa. Subiri ukauke uwe poda. Madoa yaliyobaki yameachwa.

Moja ya albamu hizo ni ya kurasa za gundi zenye nailoni juu, zile zilizopendwa sana miaka ya 1980. Gundi yake inakula picha kwa nyuma na nailoni inazing'ang'ania kwa mbele. Picha 22 zimetolewa kwa uzi wa kusafishia meno usio na nta, ukipitishwa chini ya picha kwa mwendo wa msumeno, polepole, kuanzia pembeni. Picha 5 zilikataa, nazo hazikulazimishwa. Zitapigwa skani zikiwa kwenye kurasa zao.

Nguo zimefungwa ndani ya marekani. Hiki ndicho kitambaa bora tulichonacho, tena cha bei nafuu: pamba isiyotiwa rangi. Lakini marekani mpya ina wanga wa kiwandani, na wanga ni chakula cha mende na wadudu wa karatasi. Ichemshwe mara mbili kwa sabuni isiyo na manukato, isuuzwe hadi maji yasitoe povu, isitiwe kilainishi.

Juni

Skani. Picha za karatasi ni dpi (nukta kwa inchi) 600, negativu za filamu ya milimita 35 ni dpi 2400, zote zinahifadhiwa kama TIFF, faili nzito isiyopoteza kitu, na nakala nyepesi ya JPEG ndiyo inayotoka nje. Picha ya sentimita 10 kwa 15 kwa rangi inakula MB 25. Marekebisho yote ya kiotomatiki ya skana yamezimwa. Picha 60 za kwanza zimerudiwa kwa sababu programu “ilisafisha” madoa, na katika picha moja ya bandarini ikafuta kamba za jahazi pamoja na mikwaruzo. Nyuma ya picha nayo inapigwa skani, hata ikiwa na mhuri wa studio tu. Mhuri wa studio hukuambia mji, na mara nyingi hata miaka.

Jina la faili ni namba ya kitu na herufi, a kwa mbele, b kwa nyuma. Hakuna majina ya watu katika jina la faili, kwa kuwa majina hubadilika ukweli ukijulikana, na faili ikibadilishwa jina nakala zake zinapotezana. Nakala ni tatu: kompyuta ya chumbani, diski ya nje inayokaa kwenye nyumba nyingine iliyo juu ya mafuriko, na nakala ya mtandaoni. Diski ya nje inafunguliwa na kukaguliwa kila mwezi. Diski iliyokaa kabatini miaka mitatu bila kuwashwa si nakala, ni tumaini.

Wanaotutumia picha kwa WhatsApp wanaombwa waitume kama dokumenti. Ikitumwa kama picha inabanwa, na tarehe iliyokuwa ndani ya faili inaondoka.

Simulizi: mahojiano sita yamerekodiwa. Ni sauti isiyobanwa: WAV, kHz 48, biti 24, chaneli moja. Saa moja ni takriban MB 520. Kipaza sauti sentimita 25 kutoka kinywani, kando kidogo ili pumzi isikipige. Saa nne asubuhi ndiyo saa nzuri: shughuli za alfajiri zimeisha, adhana ya adhuhuri bado. Feni na friji zinazimwa. Chini ya bati mvua ikianza, simama, hakuna programu itakayoitoa. Mwanzoni anatajwa anayezungumza, mahali na tarehe; mwishoni zinarekodiwa sekunde 30 za ukimya wa chumba.

Idhini ina ngazi tatu, na mzungumzaji anachagua kwa kinywa na kwa saini au dole gumba: isikilizwe chumbani tu, itumike shuleni na kwenye maonyesho, au iwekwe mtandaoni. Anaweza kuiondoa idhini hiyo baadaye. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatutaka tuwe hivyo, na adabu ilitutaka hivyo kabla ya sheria. Mji huu ulikuwa bandari ya misafara, na pembe na watu walipita mikononi mwa wafanyabiashara hapa. Zipo familia ambazo asili yao ikitangazwa zitaumia. Hayo yamekaa ngazi ya kwanza.

Swali la “tuambie historia ya mkonge” linaleta hotuba. Kisu cha kukatia kikiwekwa mezani, mikono ya mzee inakichukua, na maneno yanakuja yenyewe: namna ya kuanza na majani ya chini, kutoa mwiba wa ncha, kufunga mafungu, troli (behewa dogo la reli ya shambani), nyapara, korona, singa, brashi, marobota. Kuandika kutoka sauti kumechukua wastani wa saa sita kwa saa moja. Mwandishi mmoja kijana, alipokuta “alikatika mkono korona”, aliweka alama ya swali, akidhani mzee anazungumzia ugonjwa wa 2020. Korona ni mtambo wa kuparua majani, na jina lilitokana na chapa ya mashine za zamani. Hapa tumejifunza kwamba maelezo ya kabatini hayawezi kudhani msomaji anajua. Wala maneno hayasanifishwi: akisema “singa” haiandikwi “nyuzi”.

Julai

Makabati yamefika, ya mbao ngumu na kioo. Yaliyotengenezwa kwa plaiwudi mpya na kuzibwa kwa silikoni inayonuka siki yamerudishwa kwa fundi kabla ya kitu chochote kuingia. Harufu ile ni asidi ya siki, na ndani ya kioo kilichofungwa inakula shaba, madini ya risasi na makombe ya bahari. Mapya yamezibwa kwa silikoni isiyo na harufu hiyo, yakapakwa rangi ya maji na kuachwa wazi wiki nne.

Mwanga: mlango ukiwa wazi saa tano, kipimo kwenye kabati la kwanza kilisoma lux 900. Karatasi na nguo zinastahimili 50. Pazia la marekani la tabaka mbili limeshusha hadi 70, na kabati la karatasi limehamishiwa mwisho wa chumba. Kipande halisi kitaonyeshwa miezi mitatu kwa mwaka. Miezi mingine itakaa nakala, nayo itaandikwa wazi kuwa ni nakala.

Maelezo ni Kiswahili kwanza, maneno yasiyozidi 60, herufi za pointi 24, katikati ya ubao ikiwa mita 1.35 kutoka sakafuni. Kwenye mwanzo wa ukuta wa mkonge yamebaki haya baada ya kupunguzwa mara tano: “Mkonge ulifika 1893. Richard Hindorf aliagiza miche midogo 1,000 kutoka Florida. Ilipofika, 62 tu ilikuwa hai. Ilipandwa Kikokwe, ng'ambo ya mto. Mashamba makubwa ya mkonge ya Tanganyika yalianzia kwenye miche hiyo.” Chini yake kuna kilo moja ya singa, ya kushikwa, na ubao: “Kupata hii walikata kilo 25 za majani. Robota moja ni kilo 250.” Watoto wanapiga hesabu wenyewe.

Abushiri bin Salim amepewa ubao mmoja: vita vya 1888 na 1889 dhidi ya Wajerumani, na kunyongwa kwake hapa Pangani, Desemba 1889. Hakuna kitu chake tulicho nacho, na bunduki iliyoletwa ikisemwa ni yake haikuwekwa chini ya jina lake, kwa sababu mtoaji hakuwa na njia ya kuonyesha ilipitia mikono ya nani.

Agosti, wiki ya pili

Mlango umefunguliwa siku tatu kwa wiki. Kinachovuta watu si makabati. Ni picha 48 zisizo na majina, zilizochapwa upya kwa ukubwa wa A4 na kubandikwa barazani, kila moja ikiwa na karatasi angavu juu yake yenye namba kwenye kila kichwa. Anayemtambua mtu anaandika namba, jina, na yeye ni nani kwa huyo mtu. Jina linaingia daftarini kwa penseli. Wakitokea wawili wasiokaa nyumba moja na wakakubaliana, linaandikwa kwa wino. Wakipingana, yanaandikwa yote mawili. Hadi leo majina 31 ni ya penseli, 12 ya wino, mapingano manne.

Picha 9.14, wanaume saba mbele ya stoo ya marobota: namba 5, aliyeshika kofia kifuani, ametambuliwa na bibi mmoja kutoka Bweni na baadaye na mzee wa mjini. Wote wawili wametaja jina lilelile na shamba lilelile. Bibi aliongeza kwamba alikuja kwa mkataba kutoka kusini akabaki, akaoa hapa, na kwamba namba yake ya kazi ilianza na nne. Tarakimu nyingine hakuzikumbuka. Imeandikwa kwenye safu ya “Mtoaji anasema”, na mstari wa kuunganisha 9.14 na 7.3, yaani kile kipande, umewekwa kwa penseli.

Kazi za wiki ijayo: friza kubwa ya kuazima kwa ajili ya kinu, nta ya pili kwenye troli, kwenda Bweni na kinasa sauti.